Majaliwa Alirudi na Nini

Mtihani wa kusoma wa Darasa la Nne ulikwisha saa tano na nusu, siku ya Alhamisi, mwezi wa Novemba mwaka 1956, katika shule ya udongo iliyokuwa kando ya njia itokayo Newala kwenda Mnyambe. Bwana aliyeletwa kusimamia alikusanya karatasi thelathini na nane, akazitia ndani ya bahasha ya kaki, akaifunga kwa lakiri nyekundu. Kisha akaomba maji ya kunywa. Mwalimu Abdulkadiri alimpa nusu kikombe, kwa kuwa maji ya uwandani hufuatwa bondeni, na safari moja humaliza asubuhi nzima.

Wanafunzi walikwenda kukaa kwenye kivuli cha mikorosho nyuma ya darasa. Vidole vyao vilikuwa na wino. Kila mmoja alitaka kujua mwenzake ameandika nini, maana shule ile ilipewa nafasi tatu tu za kwenda shule ya kati, na waliobaki hawakuwa na darasa jingine la kwenda. Wavulana wangesubiri lori la mashamba ya mkonge. Wasichana wangesubiri mchumba.

Fakihi, mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani tangu Darasa la Kwanza, ndiye aliyetaja maswali kwa mpangilio.

"La kwanza. Majaliwa ni mtu wa wapi?"

"Newala," wakajibu.

"La nne. Chakula kilikuwaje?"

"Kilitosha."

"La sita. Majaliwa alirudi nyumbani na nini?"

"Baiskeli na mablanketi mawili," wakasema wote, na wengine wakapiga makofi kwa furaha ya kukubaliana.

Fakihi akamgeukia Sikudhani, binti mwembamba aliyekaa pembeni, kwa kuwa yeye peke yake hakufungua mdomo. "Na wewe?"

"Nimeandika hakurudi," alisema Sikudhani.

Makofi yakakoma. Kibibi, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, akaanza kufuta wino vidoleni kwa mchanga.

"Lakini imeandikwa," Fakihi alisema kwa sauti ndogo. "Jibu limo ndani ya habari. Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha."

"Ni baba yangu," alisema Sikudhani.

Hakuna aliyebisha. Habari yenyewe ilikuwa na sentensi nane, nao wote walikuwa bado wanazikumbuka. Majaliwa ni mtu wa Newala. Alikwenda kufanya kazi katika shamba la mkonge. Kazi ilikuwa nzuri. Chakula kilitosha. Msimamizi alikuwa mtu mwema. Majaliwa hakupoteza siku hata moja. Mkataba wake ulipokwisha alirudi nyumbani salama, akiwa na baiskeli na mablanketi mawili. Jirani zake walifurahi sana. Juu ya maneno hayo palikuwa na picha ya mtu ameshika baiskeli, anacheka.

Picha ile ilipigwa Newala miaka mitatu nyuma, siku wanaume walipoandikishwa. Mwandikishaji alimchagua Majaliwa kwa sababu ya meno yake mazuri, akampa baiskeli ya karani aishike, na picha ilipokwisha kupigwa karani akaichukua baiskeli yake. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa Mnyambe alitoka huko pwani na shuka la Majaliwa na kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, ikiwa imejaa nusu. Alisema mashine ya kukamua mkonge ilimshika mkono wa kulia, na haikusimamishwa. Barua haikuja, wala mtu wa shamba hakuja. Walipouliza Newala waliambiwa kwamba jina hilo halimo katika orodha ya waliokufa, kwa hiyo hakuna la kuongeza.

Mwalimu Abdulkadiri alikuwa amesimama dirishani akisikia yote. Alimwita Sikudhani ndani.

"Uliyoyaandika umeyaandika," alimwambia. "Ila usiyaseme tena nje. Mwaka huu mtu akisema hivyo anaitwa mchochezi, na mimi ndiye niliyekufundisha kuandika."

Alifunga dirisha, kisha mlango. Sikudhani aliyaona hayo, na hapo ndipo yeye pia alipoanza kuogopa.

Jioni ile, kama saa kumi na mbili, Majaliwa alirudi.

Kwa kina Kibibi, bibi yake alikuwa uani akimenya ming'oko, viazi vya porini. Alisikia kengele ya baiskeli, akainua macho, akamwona Majaliwa akiegemeza baiskeli ukutani. Alikuwa na blanketi moja mkononi na jingine amejitanda begani, upande wa kulia. Alinukia maji ya mkonge, harufu kali iliyowatoa kuku ndani ya banda.

"Karibu, baba," alisema bibi, akamletea maji kikombeni.

Majaliwa alikunywa kwa muda mrefu, kooni akionekana anameza. Alipokirudisha kikombe, maji yalikuwa palepale. Bibi akayamimina tena mtungini, kwa kuwa maji ni maji.

"Kazi ilikuwa nzuri," alisema Majaliwa. "Chakula kilitosha."

Wakati huohuo alikuwa ameketi kwa kina Fakihi, karibu na mlango. Alikuwa kwa kina Fikirini, mwanafunzi mwingine ambaye baba yake alikuwa bado shambani huko. Alikuwa katika nyumba zote thelathini na saba zilizokuwa na mtoto aliyeandika kwamba alirudi, na kote alisema kwamba Majaliwa hakupoteza siku hata moja. Alipokwisha kusema alikaa akitazama mbele, meno nje, mpaka kulipopambazuka.

Kwa Sikudhani hakuja. Mama yake, Stamili, alisikia kengele ikipita barabarani, akaweka mwiko chini. Ikapita nyingine. Zilipita nyingi, hazikusimama, na kutoka nyumba ya jirani ikasikika sauti ya mwanamume ikisema chakula kilitosha.

"Ni nani hao?" aliuliza.

Sikudhani alimweleza, kuanzia swali la kwanza. Stamili alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa hajui kusoma, lakini mambo alikuwa akiyaelewa haraka.

"Kwa hiyo anakwenda kwa waliosema alirudi," alisema. "Na sisi tulisema hakurudi."

"Mimi ndiye niliyesema, mama."

"Tulisema," alisema Stamili. Alimwingiza ndani akafunga mlango. Sikudhani alikaa na mgongo wake ukiwa umeuegemea mlango huo, akiogopa kwamba kengele itasimama, na akiogopa vilevile kwamba haitasimama.

Siku ya pili, Ijumaa, Stamili alikwenda kwa kina Kibibi jioni, amevaa khanga safi. Alimkuta Kibibi amejibanza nyuma ya mtungi, na Majaliwa mume wake ameketi mkekani. Alikaa mbele yake. Majaliwa alimtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia.

Stamili alimsemesha kwa Chimakonde, lugha waliyoposana kwayo. Alimwuliza kama aliumia sana. Alimwuliza nani alimwosha na nani alimswalia. Alimwuliza kaburi liko upande gani wa shamba.

"Msimamizi alikuwa mtu mwema," alijibu Majaliwa, kwa Kiswahili cha kitabuni.

Stamili alinyoosha mkono akafunua blanketi la begani. Chini yake hapakuwa na kitu, wala mkono wala ubavu, ila giza na ile harufu. Alilirudisha blanketi, akalinyoosha vizuri, akamshukuru bibi kwa kumkaribisha, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, mdogo wake Stamili, aitwaye Mahmudu, alikuja kuaga. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, naye ndiye aliyekuwa akiwalimia shamba tangu Majaliwa aondoke. Lori la kuchukua watu wa mkonge lingefika Newala siku ya Jumatano. Kwa kawaida kijiji kile kilitoa wanaume wawili au watatu. Mara hii walikuwa wamejiandikisha kumi na wanane, na baba yake Fakihi alikuwa mmoja wao.

"Kazi ni nzuri, dada," alisema Mahmudu. "Nimemsikia mwenyewe."

"Shuka lake si uliliona? Si wewe uliyelifua?"

"Nililiona. Lakini huyu nimemwona kwa macho yangu, amekaa, anasema."

"Chini ya blanketi umeona nini?"

"Mtu mzima hafunuliwi nguo, dada."

Sikudhani alikuwa mlangoni na ndoo kichwani. "Mjomba," alisema, "anajua sentensi nane tu. Muulize ya tisa."

Mahmudu alicheka, akamshika bega. "Nikirudi nitakuletea blanketi," alisema.

Njia ya kushukia bondeni ni ndefu na ina mawe. Katikati ya mteremko Sikudhani alimkuta Fakihi amekaa juu ya ndoo yake tupu. Hakuwa amelala siku mbili, na macho yalikuwa mekundu.

"Mwambie baba yako aondoke," alisema Fakihi.

"Sikumwita mimi."

"Najua." Aliokota jiwe njiani, akasema, "Nilijua kwamba hakurudi. Wakati naandika nilijua. Niliogopa kukosa."

"Wote mliogopa."

"Anakaa mlangoni. Nikitaka kutoka lazima nimruke miguu. Na baba ameandikisha jina." Fakihi alianza kulia bila sauti. "Nikimwambia baba kwamba niliandika uongo, atauliza kwa nini Serikali iandike uongo, na mimi sijui nitamjibu nini."

Sikudhani aliteremka kuchota maji. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Abdulkadiri, akamwuliza karatasi za mtihani ziko wapi.

"Masasi," alisema Mwalimu. "Zinasahihishwa na makarani, katika nyumba ya bati karibu na soko. Kwa nini?"

"Tukasema jibu si hilo."

Mwalimu alitazama njiani, kushoto na kulia. "Lori la korosho linaondoka kesho alfajiri," alisema. "Mimi sikukutuma."

Jumapili, mama na mtoto walipanda lori la korosho, wakakaa juu ya magunia. Lori lilishuka ukingo wa uwanda taratibu, likapita mabondeni, na mchana majabali ya Masasi yakatokea mbele, meusi, makubwa kuliko nyumba zote alizowahi kuziona Sikudhani zikiwekwa pamoja. Walilala nyuma ya soko kwa mwanamke aliyekuwa akiuza muhogo. Jumatatu saa mbili walikuwa mlangoni kwa makarani.

Karani mkubwa aliitwa Vitalis, mtu wa Lukuledi, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi. Makarani wengine watatu walikuwa wakitia alama nyekundu bila kuinua vichwa. Vitalis aliwasikiliza wageni wake mpaka mwisho, akasimama, akafunga mlango wa chumba chake.

"Hata kwangu huja," alisema. "Majibu nilipiga chapa mimi, kwa hiyo huja mapema, saa kumi na moja. Mke wangu amehamia kwa wazazi wake." Alivua miwani akaifuta. "Wilaya hii na ile ya Newala zina watoto mia tisa na zaidi waliofanya mtihani. Sijui huko nyumbani kwao kukoje."

"Kulivyo nitakuambia, bwana karani," alisema Stamili. "Wanaume kumi na wanane kwetu peke yake wamejiandikisha. Badilisha jibu."

"Niandike nini?"

"Hakurudi," alisema Sikudhani.

Vitalis alilitazama lile neno kana kwamba limewekwa juu ya meza. "Jibu limetoka juu, binti. Mimi nikilibadilisha, watamtafuta aliyelibadilisha, na kesho yake mwingine atapiga chapa lilelile." Alisema hivyo kwa haya, lakini alisema. Kisha alifungua kabati, akatafuta katika furushi la shule yao, akatoa karatasi moja na kuiweka mbele ya Sikudhani, pamoja na kalamu.

"Ninachoweza ni hiki. Yako haijatiwa alama. Umepata yote isipokuwa la sita. Ukiandika baiskeli na mablanketi mawili, utakuwa wa kwanza katika shule yenu, na utakwenda shule ya kati. Na yeye leo jioni atakuja kwenu."

Sikudhani alishika kalamu. Aliona mwandiko wake mwenyewe, herufi zimeinama kidogo upande wa kushoto, na neno lile moja. Aliwaza juu ya shule ya kati, vitanda vya chuma alivyosimuliwa na vitabu vya kufungua mwenyewe.

"Mama," alisema. "Wewe unasemaje?"

Stamili hakuwahi kuulizwa swali lolote ndani ya ofisi. Alifikiri. Miaka mitatu alikuwa amelala upande mmoja wa kitanda, na sasa mtu alikuwa akimwambia kwamba kwa maneno manne usiku huohuo upande wa pili utakuwa na mtu.

"Akija," alimwuliza Vitalis, "ataniambia amezikwa wapi?"

"Ana sentensi nane tu, mama."

"Na zikifutwa zote, atakuwa na nini?"

"Hatakuwepo kabisa."

Stamili alimgeukia mwanawe. "Shule ni yako, mwanangu, siwezi kukukatia shauri," alisema. "Lakini mimi yule mtu nimemfunua. Simtaki kwangu."

Sikudhani aliiweka kalamu mezani. Vitalis alingoja kidogo, kwa wema, kama angebadili nia. Halafu aliitia karatasi alama nyekundu mbele ya swali la sita, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, na pembeni akaandika maneno yaliyokuwa yakiandikwa kwa makosa ya namna hiyo: Mtoto huyu hakuelewa alichosoma.

Walirudi Newala Jumatano. Lori la mkonge lilikuwa limesimama kituoni, limejaa. Mahmudu alikuwa nyuma kabisa, karibu na baba yake Fakihi, na kila mmoja alikuwa na kipande kipya kimefungwa shingoni kwa uzi. Mwandikishaji alikuwa na sanduku la kupigia picha. Alipita akiwatazama wanaume nyuso, akiwaomba wacheke. Stamili alimwita mdogo wake kwa jina mara tatu. Mahmudu alimpungia mkono wa kulia, akiuinua juu sana ili auone, na lori likaondoka. Stamili alikuwa akiutazama mkono ule mpaka vumbi lilipoufunika. Sikudhani hakuweza kutazama.

Matokeo yalisomwa mwezi wa Januari, mvua ikinyesha. Fakihi alichaguliwa pamoja na wavulana wengine wawili. Alipoitwa jina lake alisimama, akakaa, wala hakucheka. Sikudhani alianza kulima shamba lililokuwa la mjomba wake. Mwalimu Abdulkadiri alikuwa akikwepa njia ile inayopita karibu na shamba hilo, na akikutana naye bondeni kwenye maji alikuwa wa kwanza kusalimu, jambo ambalo mwalimu hafanyi kwa mtoto.

Majaliwa aliendelea kuja kila jioni. Watu walimzoea. Waliokuwa na nyumba ndogo walihamisha mkeka wake ukumbini. Kibibi alijifunza kulala ameufunika uso, na bibi yake akaacha kumwekea maji. Watoto wachanga walikuwa wakijifunza kusema kwa kumsikiliza, na mmoja wao neno lake la kwanza lilikuwa "kilitosha". Wanaume walisema kwamba mtu haachi mwenzake barabarani, na hata hivyo huyu hali chakula chochote. Kutoka shambani huko haikuja barua hata moja.

Mwezi wa Februari, Stamili alikwenda kwa shehe wa msikiti akasema anataka kumsomea mume wake hitima.

Shehe alifikiri sana. "Kwangu pia huja," alisema. "Mjukuu wangu aliandika. Nitamsomeaje mtu ambaye jana jioni alikuwa ukumbini kwangu?"

"Kwangu haji," alisema Stamili. "Kwangu amekufa."

Shehe aliona kwamba hilo ni kweli, kwamba katika kijiji kizima ile ndiyo nyumba pekee ambayo mtu huyo alikuwa amefia. Akakubali.

Siku ya hitima jirani wote walikuja. Wanawake walileta muhogo na kunde, na maji, kila mmoja kata moja, wakayachanganya katika sufuria moja kubwa. Kisomo kilianza baada ya adhuhuri. Sikudhani alikuwa amekaa na mama yake nyuma ya pazia la khanga, na kwa mara ya kwanza tangu lilipofika lile shuka, Stamili alilia kwa sauti, na wanawake wakamshika. Bibi yake Kibibi alilia kuliko wote. Shehe alilitaja jina, Majaliwa bin Salumu, akamwombea alipolala, popote alipolala, na watu wakaitikia amina. Chakula kilipakuliwa, kikaliwa.

Ilipokaribia saa kumi na mbili, watu walianza kutazama jua. Bibi yake Kibibi alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimpa Stamili mkono wa pole, akasema ingempendeza kukaa zaidi.

"Najua, bibi," alisema Stamili. "Wahi nyumbani."

Wakaaga mmoja mmoja, wakatawanyika kwa haraka kila mtu na njia yake, kwa kuwa wote walikuwa na mgeni, na si adabu mgeni kufika akakuta nyumba haina mtu.